Kapo Nyuma ya Pazia

Zakaria hakuwa mtu wa uongo, na wala si kwa sababu ya ucha Mungu. Alikuwa mvivu tu wa kukumbuka leo alichosema jana, na uongo unataka kumbukumbu. Ndiyo maana ule mmoja alioubeba ulimkondesha kuliko njaa. Ulikuwa uongo mfupi, wa kusemwa kwa sauti ya chini kupitia kitambaa: "Iko ya tano, yaya."

Yaya ndivyo Waswahili wa Gitega, Burundi, wanavyomwita ndugu aliyewatangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Yaya wa Zakaria aliitwa Pili, na ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Zakaria alikuwa bado mtoto wa kaptula, na baba alikuwa ameshakwenda Tanzania kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo hukohuko. Pili akabaki na nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Nyamugari, ndugu mdogo asiyeshiba, na sauti. Sauti hiyo akaipeleka kazini. Akaimba kwenye mikusanyiko ya wanawake siku za harusi, akatunzwa kwa mchele, kwa kitenge, kwa noti zilizobandikwa kipajini, na Zakaria akasoma kidogo, kisha akajifunza cherehani mpaka akawa fundi. Siku moja Mkongomani mmoja wa mtaani aliyekuwa akihama akauza gitaa lake. Pili akalinunua bila kumuuliza mtu, akamwekea Zakaria mapajani.

"Jifunze," akamwambia. "Mi nimechoka kuimba na ngoma peke yake."

Akajifunza. Hodari sana hakuwa, tuseme kweli. Alijua mikao michache ya vidole, ile ambayo kila mpigaji wa mtaani anaijua, na hakuona haja ya kuongeza kwa sababu alikuwa na kapo. Kapo ni kibanio kinachofungwa juu ya mkono wa gitaa, kikazilalia nyuzi zote sita kwa pamoja kama kidole kisichochoka. Mkono wa gitaa umekatwakatwa na vyuma vyembamba, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma wapigaji wa huko huiita kaze, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Ukiifunga kapo kaze ya kwanza, gitaa zima linapanda kidogo. Ukiisogeza ya pili, linapanda tena. Vidole vinaendelea na mikao yake ileile, na gitaa ndilo linalomfuata mwimbaji mahali alipo. Sauti ya Pili ilikaa kaze ya tano. Gitaa likifungwa hapo lililia jembamba na safi, na Pili akapita juu yake bila kujivuta.

Mengine yote yalitokana na pazia. Mwanamume haingii kwenye shughuli ya wanawake, wakiwa wamevua mabuibui na wanacheza wanavyotaka. Kwa hiyo Zakaria aliwekewa kiti kwenye kona, kitambaa kikatungikwa mbele yake, na mpaka shughuli iishe yeye aliona maua ya kitambaa tu. Pili alisimama upande wa pili, mgongo wake karibu ugusane na pazia. Kabla ya wimbo wa kwanza aliinamisha kichwa nyuma na kuuliza, "Iko wapi?" Zakaria akajibu, na Pili akaanza papo hapo. Hakujua kupiga gitaa, hakujua jina la mkao hata mmoja. Alichojua ni kwamba yeye ni mwimbaji wa kaze ya tano, kama mtu anavyojua namba ya viatu vyake.

Mambo yalianzia Mutaho, kwenye harusi ya binti wa muuza baiskeli. Wimbo wa kwanza una mahali pa juu ambapo Pili huwa anapita akicheka. Siku hiyo alipafikia kama mtu anayemaliza kupanda kilima, mkono kiunoni. Alifika, lakini alifika akiwa amechoka. Wanawake hawakusikia kitu, walikuwa wakipiga vigelegele. Zakaria alisikia. Kelele zikiendelea, akaibana kapo kwa vidole viwili, akaishusha mpaka kaze ya nne, akazipima nyuzi harakaharaka kwa dole gumba, akaendelea. Wimbo wa pili Pili akaimba kwa raha kabisa.

"Leo nilianza vibaya," alisema wakirudi Gitega, "kisha Mungu akanifungulia."

Zakaria akafurahi. Hili lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomponza: alifurahi kama aliyemtoa dada yake mwiba mguuni bila yeye kushtuka. Shughuli iliyofuata, Pili alipouliza "Iko wapi?", kapo ilikuwa kaze ya nne tangu mwanzo, na mdomo wa Zakaria ukajibu wenyewe kwamba iko ya tano.

Mtu atauliza kwa nini hakumwambia, na aliyelelewa kwenye nyumba nyingine ana haki ya kuuliza. Nyumba ile ilikuwa na mwiko mmoja uliozidi yote: sauti ya mwimbaji haizungumzwi. Haisifiwi, haikosolewi, haiulizwi hali. Mama yao naye alikuwa mwimbaji, na jirani alimsifu mbele za watu bila kutaja jina la Mungu. Baada ya muda sauti ya mama ikaanza kukwaruza, ikazama, ikakatika, na mama mwenyewe akafuata. Jicho, wakasema watu wote. Hakuna aliyewaza hospitali, maana hospitali haitibu jicho. Tangu hapo anayemfahamu Pili humwambia tu "umetuchangamsha", na inaishia hapo. Zakaria alikulia ndani ya ukimya huo. Kwake yeye, kumwambia yaya "sauti yako imeshuka" kulikuwa sawa na kumshika mkono na kumpeleka makaburini. Akanyamaza, akasogeza kapo, na moyoni akajiona mwenye huruma.

Mwaka ulipogeuka, kwenye harusi moja ya Itaba, akashuka tena. Kaze ya tatu. Gitaa likishuka linanona, nyuzi zinapata uzito, na wanawake wakaanza kulisifia gitaa, kwa kuwa kulisifia gitaa hakukatazwi. Walimtumia soda nyuma ya pazia na salamu kwamba siku hizi anapiga kama mtu mzima. Zakaria akanywa soda ile bila kuisikia ladha. Alijua gitaa linanona kwa sababu ya anayekonda.

Na kukonda kwenyewe hakukuwa kwa sauti peke yake. Kila Idi alimshonea Pili gauni, na kila mwaka alimpima upya, si kwa sababu alisahau vipimo bali kwa heshima. Safari hii utepe ulipozunguka kiuno, ncha zake zikapishana sana. Akadhani amekosea, akarudia. Kisha akaupitisha shingoni kwa ajili ya kola, na hapo utepe haukufika pale ulipofika mwaka uliopita. Kiuno kimepungua, shingo imeongezeka. Pili alikuwa amesimama wima, anatazama dirishani, anakohoa kile kikohozi chake kidogo cha asubuhi alichokisingizia vumbi la barabara.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa, yaya."

Akakata kola pana, akabana kiuno, akaficha ziada ya kitambaa ndani ya mishono. Siku ya Idi Pili akavaa, akajitazama mbele na nyuma, akaridhika. "Unaona? Mwili wangu haubadiliki. Wenzangu wote wananenepa, mi niko vilevile." Zakaria akainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimedondoka. Ufundi wake wote, wa sindano na wa nyuzi, sasa ulikuwa na kazi moja.

Ilipofika kaze ya kwanza, kapo yenyewe ikagoma. Ilikuwa kuukuu, ya springi, na mpira wake ulikuwa umechakaa. Zakaria akachukua gitaa begani, akaenda kwa Bahadurali.

Bahadurali ana duka karibu na soko la Gitega, duka la kila kitu: chupa za chai, saa za ukutani, mipira, nyuzi za gitaa. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa, yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa na kelele zake ni za hapahapa. Anapenda kumtania mteja kwanza, ndipo amuuzie, na 'lakini' yake huisema kwa Kifaransa, mais.

"Fundi Zaka. Umekuja kununua ama kunihesabia bidhaa?"

"Nataka kapo, mzee."

Bahadurali akatandaza tatu juu ya kaunta. "Hii ya mpira iko rahisi, unavuta, unafunga. Mais mpira inachoka upesi, unajua mwenyewe. Hii ya springi unabana na mkono moja, tak, imekaa. Shida yake inabana na nguvu yake, haibani na nguvu yako. Nyuzi nyembamba inavutwa, gitaa inapanda kupita pale ulitaka. Hii ya tatu iko na skrubu. Iko polepole, mais unakaza wewe, unaacha wewe."

Zakaria akaichukua ile ya skrubu, akaichungulia ubavuni. Mkono wa gitaa lake una mgongo kidogo, haukunyooka kama ubao, na kapo ya bapa juu ya mkono wa namna hiyo huacha nyuzi za kati zikipumua. Hii ilikuwa na mpira uliopinda vizuri. Ikampendeza.

"Ile ya zamani iko na shida gani?" Bahadurali akauliza.

"Nyuzi zinapiga zii."

"Lete tuone." Mzee akalichukua gitaa, akaifunga kapo kuukuu kaze ya tano, karibu kabisa na chuma lakini si juu yake, kama inavyotakiwa. Akagusa uzi mmoja mmoja, kuanzia mnene mpaka mwembamba. Zote zikalia safi. "Iko safi hii. Mi nitakuuzia nini sasa?"

Zakaria angeweza kucheka na kuondoka. Lakini harusi ilikuwa mwisho wa juma. Akanyoosha mkono, akaishusha kapo mpaka kaze ya kwanza, akapiga. Nyuzi mbili zikavuma kama nzi ndani ya kopo. Huko karibu na kichwa cha gitaa nyuzi ni ngumu, zinakataa kulala, na kapo iliyochoka haiziwezi.

Bahadurali alilitazama gitaa, kisha akamtazama Zakaria, na utani ukamtoka usoni. "Mke wangu anakuja kwenye sherehe zenu," akasema. "Anasema zamani yaya yako alikuwa anamuamsha. Sasa anamulaza."

"Ni nyimbo mpya, mzee. Ziko chini."

"Bon. Nyimbo mpya." Akaifunga kapo ndani ya kipande cha gazeti, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. "Mutu hashuki kutoka ya tano mpaka ya kwanza sababu ya nyimbo, Zaka. Mi nauza, siulizi tena."

Zakaria alitoka dukani amekunja uso, amechukia, na hakujua amemchukia nani. Kapo mpya ilifanya kazi nzuri mno. Aliikaza kidogo kidogo mpaka nyuzi zikanyamaza, akazipima, akaweka sawa ile moja iliyovutwa, na kaze ya kwanza ikalia bila dosari. Ikadumu kwa msimu mmoja. Kisha, kwenye harusi ya mtaani kwao hapohapo Nyamugari, alisikia Pili akihangaika tena. Akaifungua skrubu polepole nyuma ya pazia na kuitia kapo mfuko wa shati. Mkono wa gitaa ukabaki mtupu. Wimbo uliofuata Pili akauliza, kwa sababu tu alitaka kuuliza, "Iko wapi?"

"Iko ya tano, yaya," akajibu, na kapo ikimgonga kifuani.

Chini ya hapo hakukuwa na mahali. Nyumbani alijaribu kuzilegeza nyuzi zote, zikalegea, zikapigapiga vyuma, gitaa likatoa mlio wa kitu kilichojaa maji. Akaziweka zilivyokuwa, akakaa kitandani na gitaa mapajani. Kwa mara ya kwanza aliogopa waziwazi, bila kujifanya hamnazo. Alijiambia kwamba baada ya harusi ya Muyinga atazungumza. Baada ya Muyinga, hakika.

Harusi ya Muyinga ilikuwa ya watu wa Gitega waliomwoza binti yao huko, na Pili alitangulia na kina mama siku mbili kabla. Zakaria alibaki kumalizia magauni ya wasindikizaji, ayalete asubuhi ya sherehe. Gari aliloabiri lilikuwa limefika Karuzi mafuta yalipokwisha. Mafuta ni shida ya nchi nzima siku hizi. Dereva alichukua dumu lake, akaondoka kwa miguu kuulizauliza, na abiria wakatawanyika vivulini. Zakaria akabaki na fuko la magauni upande mmoja na gitaa upande mwingine. Baada ya adhuhuri simu ikalia.

"Uko wapi?" Pili akauliza.

"Karuzi, yaya. Mafuta imeisha. Shoferi anatafuta."

"Basi usihangaike. Kuko mutu hapa anaitwa Audax, anapiga gitaa muzuri sana, iko na kapo yake. Wamemuita. Ameshakaa nyuma ya pazia."

Zakaria akasimama. Magauni yakaanguka mavumbini, hakuyaona. "Yaya, nivumilie. Nitafika."

"Bibi harusi anatoka sasa hivi. Nimemuambia Audax aweke ya tano. Mi naanza na ule wa kumpokea."

Wimbo wa kumpokea bibi harusi unaanzia juu. Hauna ngazi, hauna maandalizi, mwimbaji anafungua mdomo na tayari yuko kileleni. Zakaria akaibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya Pili alisikia vicheko vya wanawake, na mbali kidogo mtu akijaribu gitaa, gitaa la juu, jembamba, safi, kama lake la zamani.

"Yaya, mwambie aanze chini kidogo."

"Chini kwa nini?"

Mlango ulikuwa wazi, wazi kabisa, alihitaji kuingia tu. Angesema maneno machache, Pili angemkasirikia, labda angelia, lakini angeyajua kabla ya kusimama mbele za watu. Zakaria alifungua mdomo na kusema, "Gitaa la mutu mwingine, yaya. Pengine iko juu kuliko yetu."

"Ya tano iko ya tano, Zakaria." Alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu akimfundisha mtoto. "Fika salama."

Akakata. Zakaria akapiga tena, na tena. Simu iliita bila kupokelewa. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, na kichwani mwake wimbo wa kumpokea bibi harusi ukaanza, ukafika mahali pa kwanza pa juu, ukakatika hapo, ukaanza upya. Dereva aliporudi na dumu akimtania kwamba analia kama aliyefiwa, aliokota magauni akapanda gari.

Walipoingia Muyinga jua lilikuwa bado kali. Alikijua kiwanja cha harusi kwa turubai, na kabla ya kushuka alisikia muziki: wa spika, wa kukodi, umepandishwa mno. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama nje ya geti, gitaa limekwisha ingizwa mkobani.

"We ndio Zakaria?" akauliza. "Mi Audax. Ndugu yangu, niliweka ya tano. Nakuapia, niliweka ile alisema."

"Najua."

"Alifungua mdomo, hakukutoka kitu. Kisha kikatoka, mais haikuwa sauti. Nikafikiri kapo yangu imekosea mahali. Nikashusha ya nne, ya tatu. Akanisikia nashusha. Akasema kwa pazia, 'Rudisha.' Nikarudisha. Akajaribu tena." Audax akaangalia viatu vyake. "Alijaribu mara nyingi. Kuko wanawake walianza kucheka, wengine wakalia. Mwishoni wakafungua spika."

Zakaria akaomba kuonyeshwa alipo. Mwenye nyumba akampitisha nyuma, mbali na wanawake, mpaka chumba kidogo cha kulala. Pili alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiwa na lile gauni la Idi, mtandio uko magotini. Kando yake aliketi mwanamke mnene mwenye miwani. Alikuwa Kasilda, jirani wa wenye harusi, muuguzi kwa kazi. Vidole vyake vilikuwa shingoni mwa Pili, upande wa kulia, na havikuwa vikisogea. Kola pana aliyoikata Zakaria ilikuwa imefunguliwa, na mwanga wa dirisha ulipiga palepale. Hakuwa amelitazama wazi lile donge la shingoni tangu siku ile ya utepe. Sasa alilitazama. Lilikuwa jiwe, ngumi ya mtoto chini ya ngozi.

"Ingia," Pili akamwambia bila kugeuka. Sauti ilikuwa imebaki upepo.

Kasilda hakuwa na muda wa salamu. "Sauti imeanza kushuka lini, mama?"

"Haijashuka. Leo ndio imekatika, leo tu. Labda vumbi ya njiani. Labda jicho, hapa kuko wanawake wengi siwajui."

"Mwaka jana ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa palepale. Muulize ndugu yangu, yeye ndio ananipigia."

Kasilda akamtazama Zakaria juu ya miwani, kisha akamrudia Pili, akazungumza taratibu kama mtu aliyekwisha yasema maneno hayo kwa wengi. "Nisikilize. Lundi, Jumatatu, nitakupeleka mimi mwenyewe kwa daktari, na jambo la kwanza atauliza ni hilo. Kitu ya wiki moja na kitu ya miaka, haziko sawa. Tukimuambia imeanza leo, atakupa dawa ya koo, atakurudisha nyumbani ungoje sauti irudi."

Hapo Zakaria akaelewa kwamba anaweza kunyamaza tena. Ilikuwa rahisi kuliko zote. Hakuna aliyemshuku, Pili mwenyewe amemtaja kuwa shahidi. Wangepewa chupa ya dawa, wangepanda gari la kurudi Gitega, Pili angelaumu vumbi la Muyinga na macho ya wageni, na mwiko wa nyumbani kwao ungebaki mzima. Alisimama mlangoni na magauni yenye mavumbi mkononi.

"Ilianza Mutaho," akasema.

Pili akageuka. Zakaria akasema yote, macho yake sakafuni. Ya nne Mutaho. Ya tatu Itaba. Ya pili, ya kwanza, kapo ya skrubu, kisha mkono mtupu na kapo mfukoni. Akasema na habari za kola. Kasilda hakuuliza zaidi ya neno moja, "Miaka miwili?", na Zakaria akasema inapita. Yule mama akaviondoa vidole vyake shingoni. Akauchukua mtandio magotini mwa Pili, akamfunika mabegani kwa upole mno, upole ambao hakuwa nao alipokuwa akiuliza, na Zakaria akaona ni heri angefoka.

Nje spika iliendelea kuimba. Pili alimtazama ndugu yake, na hakukuwa na hasira usoni mwake, jambo lililomtisha zaidi.

"Inaniuma hapa siku nyingi," akasema hatimaye. "Usiku nikimeza mate, inauma. Nilikuwa naogopa, nakumbuka mama. Kisha nafika kwenye harusi, nakuuliza, unaniambia iko ya tano, naimba, inatoka. Narudi nyumbani najiambia, kama iko kitu kibaya sauti ingeshuka. Haijashuka. Basi hakuna kitu." Akapumua kwa shida. "Miaka miwili, Zakaria. Nilikuwa nakuuliza wewe kama naumwa."

Kisha akamgeukia Kasilda, akainua kidevu, na kwa kidole chake mwenyewe akamwonyesha mahali panapouma.